Stesheni ya Shinjuku Isiyokuwa na Fundi Mmoja

Katika jiji la Tokyo, nchini Japani, iko stesheni ya reli iitwayo Shinjuku ambayo hata mwenyeji aliyeipita miaka kumi huweza kupotea ndani yake. Mgeni akiagana na rafiki yake wakutane "kwenye mlango wa Shinjuku", yaelekea hawataonana siku hiyo, maana milango ya kutokea nje, tukihesabu na ile ya njia za chini ya ardhi zilizoungana na stesheni, imepita 200. Ahadi ya kweli lazima itaje upande, jina la mlango, na ikiwezekana nguzo ya kusimama.

Kabla ya ugonjwa wa korona kuingia mwaka 2020, hesabu ya kampuni zote za reli zinazokutana hapo ilipita watu milioni 3 na nusu kwa siku moja, na kitabu cha Guinness kiliiandika Shinjuku kuwa stesheni yenye watu wengi kuliko zote duniani. Yafaa msomaji afahamu jinsi hesabu hiyo inavyofanywa. Mtu huhesabiwa aingiapo, na huhesabiwa tena atokapo. Akihama kutoka reli ya kampuni moja kwenda ya kampuni nyingine huhesabiwa upya. Kwa hiyo karani mmoja aendaye kazini asubuhi na kurejea nyumbani jioni aweza kuwa watu wanne au zaidi katika daftari. Lakini hata tukiigawanya hesabu hiyo kwa nne, waliobaki bado ni umati wa kutisha kupita mahali pamoja kati ya alfajiri na usiku wa manane.

Sasa msomaji atauliza, kwa nini watu wenye ujuzi wa kuendesha treni kwa dakika na nusu dakika walishindwa kujenga stesheni inayoeleweka? Jibu ni kwamba Shinjuku haikuchorwa na fundi mmoja. Ni kama boma la mzee mwenye wana wengi: kila mwana alipooa aliongeza nyumba yake ubavuni mwa nyumba ya mwenziwe, wala hapana aliyeuliza mlango wa ndugu yake unaelekea wapi. Atakaye kuijua njia ya Shinjuku hana budi kwanza kuijua habari yake.

Jina lenyewe maana yake ni malazi mapya. Zamani za utawala wa ukoo wa Tokugawa, barabara kuu tano zilitoka Edo, ndiyo Tokyo ya sasa, na katika kila barabara palikuwa na vituo vya kubadilisha farasi na kulala wasafiri. Katika barabara ya Koshu, iendayo magharibi milimani, kituo cha kwanza kilikuwa Takaido, yapata maili 10 kutoka daraja la Nihonbashi ambako barabara zote zilianza kuhesabiwa. Mwendo huo ulikuwa mrefu kwa mtu mwenye mzigo na kwa farasi wake. Basi wafanya biashara wa mtaa wa Asakusa waliiomba Serikali ruhusa ya kufungua kituo kingine karibu zaidi, wakalipa fedha nyingi kwa ruhusa hiyo, na mwaka 1698 wakapewa mahali penye ardhi ya ukoo wa Naito. Kituo hicho kilifungwa kwa amri mwaka 1718, kikafunguliwa tena mwaka 1772. Sehemu kubwa ya ardhi ya akina Naito ndiyo leo bustani ya Shinjuku Gyoen, ambako watu wa Tokyo huenda kutazama maua.

Reli ilikuja tarehe 1 Machi 1885, nayo haikuja kwa ajili ya watu wa Shinjuku hata kidogo. Ilikuja kwa ajili ya hariri. Kampuni ya Nippon Railway ilikuwa imekwisha kujenga njia kutoka Ueno, kaskazini mwa Tokyo, hadi Takasaki, nchi ya wakulima wafugao viwavi vya hariri. Hariri hiyo ilitakiwa ifike bandari ya Yokohama na kupakiwa melini, kwa kuwa ndiyo iliyoiletea Japani fedha za kigeni. Lakini kati ya Ueno na reli ya kwenda Yokohama palikuwa na mji uliosongamana nyumba, na kuupasua mji ilikuwa gharama kubwa. Wakaamua kuzunguka upande wa magharibi, kupitia mashambani, kutoka Akabane mpaka Shinagawa. Shinjuku ikawa stesheni ndogo katika njia hiyo ya mzunguko. Iliwekwa katika kijiji cha Tsunohazu, magharibi ya kituo cha zamani, mahali penye mashamba na miti. Abiria walikuwa wachache, na kazi yake kubwa ilikuwa kupokea kuni na makaa kutoka milimani.

Mwaka 1889 kampuni nyingine, Kobu, ilianzisha reli yake Shinjuku kwenda Tachikawa, na mwaka huo huo ikafika Hachioji, mji mwingine wa hariri. Hapo ndipo stesheni ya mashambani ilipogeuka kuwa njia panda. Mwaka 1906 Serikali ilizinunua kampuni hizo zote mbili, lakini mpango wa reli ukabaki vile vile: moja inatoka kaskazini kwenda kusini, na nyingine inakwenda magharibi.

Wasomaji wetu walio wakulima watapenda kusikia habari za maduka mawili yaliyozaliwa na stesheni hii. Mwaka ule ule wa 1885 bwana mmoja wa ukoo wa Takano alifungua duka mahali hapo; kazi yake hasa ilikuwa kununua na kuuza vifukofuko vya hariri na vyombo vikuukuu, na matunda aliyauza kando tu. Hariri ikapungua, vyombo vikuukuu vikaachwa, na matunda ya kando yakawa ndiyo biashara yenyewe. Duka la Takano lajulikana mpaka leo kwa matunda yake ya bei kali. La pili ni la ukoo wa Tanabe waliokuwa wakiuza makaa na kuni, zile zile zilizoshushwa na treni. Mwaka 1927 kijana wao, Tanabe Moichi, alifungua duka la vitabu akaliita Kinokuniya, nalo sasa lina matawi hata ng'ambo. Na tusisahau duka la mikate la Nakamuraya lililohamia Shinjuku mwaka 1909. Wenye duka hilo walimficha Rash Behari Bose, Mhindi aliyekimbilia Japani mwaka 1915 akitafutwa na Waingereza. Baadaye alimwoa binti yao, na kwa maarifa yake duka likaanza mwaka 1927 kuuza mchuzi wa bizari wa namna ya Kihindi. Hata leo watu huenda kuula.

Jambo lililoikuza Shinjuku ghafula lilikuwa msiba. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji wa Tokyo, moto ukafuata, na watu zaidi ya 100,000 wakafa. Mitaa ya zamani ya mashariki, yenye nyumba za mbao zilizobanana, iliteketea. Wengi wa waliopona walihamia magharibi, ambako ardhi ilikuwa imara zaidi na nafasi ilikuwapo. Hao waliendelea kufanya kazi katikati ya mji, na njia yao ya kwenda kazini ilipita Shinjuku. Mwaka 1925 jengo jipya la stesheni lilifunguliwa, likielekea mashariki, na mwaka huo huo reli ya Yamanote ilikamilika kuwa duara. Duara hilo lina urefu wa maili 21 na nusu hivi, lina stesheni 30 sasa, na treni hulizunguka kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo. Mwaka 1927 kampuni ya Odakyu ikaleta reli yake kutoka Odawara, ikaibandika upande wa magharibi wa reli za Serikali.

Reli ya Keio ilikwisha kufika mwaka 1915, lakini hiyo ilikuwa na mwisho wake upande wa mashariki, mbele kidogo ya stesheni. Treni zake zilipanda daraja la barabara ya Koshu, zikazivuka reli za Serikali kwa juu, kisha zikashuka ng'ambo. Usiku wa tarehe 25 Mei 1945 ndege za Marekani ziliichoma sehemu kubwa ya Tokyo, na mtambo wa kugawa umeme wa Keio ukaungua. Nguvu za umeme zilizobaki hazikutosha kuipandisha treni kwenye mwinuko wa daraja lile. Ikawa hapana la kufanya ila kuishilizia reli upande wa magharibi, kabla ya daraja, na huko ndiko iliko hadi leo, ingawa mwaka 1963 ilishushwa chini ya ardhi. Hivyo abiria wa Keio anayejiuliza kwa nini lazima atembee kutoka pembe ile kwenda mashariki, sababu yake ni bomu lililoanguka kabla baba yake hajazaliwa.

Kampuni ya Seibu ilikuwa na bahati mbaya zaidi. Mwaka 1952 ilifungua stesheni yake kaskazini, mwendo wa dakika chache kwa miguu, kwa nia ya kukaa hapo kwa muda tu. Lilipojengwa jengo kubwa la mashariki, lililofunguliwa mwaka 1964, Seibu iliwekewa nafasi katika ghorofa ya pili ipate kuingiza treni zake. Lakini watu walikuwa wameongezeka, treni zilipaswa kurefushwa, na nafasi ile haikuzitosha treni ndefu. Mpango ukaachwa. Stesheni ile ya muda ingali ipo, na abiria wake wangali wakitembea.

Baada ya kusikia hayo, tuingie sasa ndani. Ukitokea mashariki, kwanza utashuka ngazi, kwa kuwa mageti ya tikiti ya mashariki na ya magharibi yako ghorofa moja chini ya ardhi. Kisha utapanda ngazi uyafikie majukwaa ya treni, ambayo yako juu ya ardhi. Lakini aingiaye kwa mlango wa kusini yuko darajani, kwenye barabara ya Koshu ipitayo juu ya reli, naye hushuka kuyafikia majukwaa yale yale. Ndiyo sababu watu wawili waliosimama mahali pamoja waweza kuelekezwa njia ya kutoka, mmoja akaambiwa apande na mwingine akaambiwa ashuke, na wote wawili wameambiwa kweli.

Reli za JR East, iliyozirithi reli za Serikali zilipogawanywa mwaka 1987, ni 16, nazo zimehesabiwa kutoka mashariki kwenda magharibi. Baada ya reli ya 16 yaanza mastakimu ya Odakyu, ambayo ni ya ghorofa mbili: treni za mbio huondoka juu ya ardhi, na zile zinazosimama kila stesheni huondoka chini. Upande wa magharibi zaidi iko Keio chini ya ardhi. Chini ya barabara ya Koshu iko reli nyingine ya Keio inayoungana na reli ya jiji. Upande wa kaskazini hupita reli ya chini ya ardhi ya Marunouchi, iliyofika mwaka 1959, na kusini, ghorofa ya saba kwenda chini, iko reli ya Oedo iliyofika mwaka 1997. Iliyokuja mwisho ilikuta nafasi zote za juu zimekwisha kutwaliwa, ikalazimika kuchimba chini zaidi. Na kwa kuongeza ugumu, stesheni yenyewe imelala juu ya mpaka wa wilaya mbili: kaskazini ni wilaya ya Shinjuku, na sehemu ya kusini ni wilaya ya Shibuya.

Hata upana wa reli haulingani. JR East na Odakyu hutumia futi 3 na inchi 6, upana ule ule wa reli ya TAZARA itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Keio hutumia futi 4 na inchi 6, upana uliotoka katika tramu za zamani za jiji la Tokyo, na reli ya jiji inayoungana nayo ilijengwa kwa upana huo ili treni zipite moja kwa moja. Marunouchi na Oedo hutumia futi 4 na inchi 8 na nusu. Sisi wa Afrika Mashariki twaijua taabu hiyo, maana reli ya zamani ya kutoka Mombasa ina upana wa mita 1, na ile iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi ni pana zaidi, hata behewa la moja haliwezi kupita katika nyingine. Huko Shinjuku mzigo unaohamishwa una miguu yake wenyewe, na hiyo ndiyo nafuu yao.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo mafundi walifikiri vizuri sana. Reli ya 15 ni ya Yamanote, na reli ya 16 ni ya treni za manjano ziendazo magharibi; nazo ziko pande mbili za jukwaa moja. Vivyo hivyo reli ya 13 na ya 14. Abiria hushuka katika treni moja, hutembea hatua chache, na kuingia katika nyingine, bila ngazi. Tena, treni za Chuo zendazo katikati ya mji asubuhi hufuatana kwa kadiri ya dakika 2. Kupakia na kushusha watu wote wale kwa muda huo katika reli moja haiwezekani. Basi wamezipa reli mbili, ya 7 na ya 8: treni moja ikiwa bado yapakia upande huu, inayoifuata tayari yaingia upande wa pili. Mkulima aliyeona mizani mbili zikitumika kwa zamu penye foleni ya kupima mazao ataelewa mara moja.

Mwaka 1955 watu walikuwa wengi hata stesheni ikawaajiri wanafunzi wa vyuo kuwasukuma abiria ndani ya mabehewa ili milango ifungike. Picha zao zilienea duniani kote. Treni zimeongezwa na kurefushwa tangu hapo, na kazi hiyo imepungua sana. Siku hizi mistari imechorwa sakafuni, watu husimama kwa safu kandokando ya mahali pa mlango, na huacha katikati wazi kwa wanaoshuka.

Lakini mahali panapopita watu wote hapawi pa treni tu. Tarehe 8 Agosti 1967 treni ya mizigo iliyobeba mafuta ya ndege za jeshi la Marekani iligongana na nyingine hapo stesheni, moto mkubwa ukawaka, na watu wa Tokyo wakafahamu kwamba mafuta ya vita vya Vietnam yalikuwa yakipita katikati yao. Tarehe 21 Oktoba 1968 wanafunzi wenye kuvipinga vita hivyo waliivamia stesheni, wakazisimamisha treni. Mwaka uliofuata vijana walikusanyika Jumamosi jioni katika uwanja wa chini ya ardhi wa upande wa magharibi, uliomalizika mwaka 1966 kwa ramani ya Sakakura Junzo, wakapiga magitaa na kuimba. Walifika maelfu. Mwezi Julai mwaka 1969 polisi walibadilisha vibao. Palipoandikwa "uwanja" pakaandikwa "njia", na asimamaye katika njia huambiwa aendelee na safari. Kwa maoni yangu ni mara chache neno moja katika kibao limefanya kazi kubwa kama hiyo.

Katika upande huo huo wa magharibi, baada ya mwaka 1990, watu waliopoteza kazi na nyumba walijenga vibanda vya makaratasi magumu. Mwezi Januari 1996 utawala wa jiji uliwaondoa kwa nguvu katika sehemu moja ili kuweka njia yenye sakafu inayokwenda yenyewe. Wengi walihamia hatua chache tu kutoka hapo, na Februari 1998 moto ukatokea katika vibanda vyao, wakafa watu wanne.

Na kwa muda wote huo palikuwa na taabu ya kila siku isiyoandikwa katika magazeti. Reli za Shinjuku ziliukata mji vipande viwili. Mashariki yalikuwa maduka na majumba ya sinema; magharibi, mahali palipokuwa mabwawa makubwa ya kusafishia maji mpaka mwaka 1965, yalipanda majumba marefu ya ofisi, na mwaka 1991 makao ya utawala wa jiji yakahamia huko. Mtu asiye na tikiti aliyetaka kutoka upande mmoja kwenda wa pili hakuweza kupita katikati, maana katikati ilikuwa ndani ya mageti. Alilazimika kuzunguka kwa njia nyembamba au kwa daraja la kusini. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo, mchukuzi mwenye mzigo, wote walizunguka.

Tarehe 19 Julai 2020 mageti yalisogezwa nyuma, na njia iliyokuwa ya wenye tikiti peke yao ikawa ya kila mtu. Ina urefu wa mita 100 hivi na upana wa mita 25. Kazi ya kuipanua kutoka mita 17 ilifanywa chini ya reli bila treni kukoma, ikachukua miaka. Kwa bahati ya ajabu, ilifunguliwa wakati ambapo watu wamepungua: wapandaji wa JR East hapo Shinjuku, waliokuwa 775,000 hivi kwa siku katika mwaka wa 2019, walishuka mpaka 477,000 hivi katika mwaka uliofuata kwa sababu ya ugonjwa. Wamekuwa wakirudi tangu hapo, lakini si wote, kwa kuwa makarani wengi wameruhusiwa kufanya kazi nyumbani siku kadhaa za juma.

Upande wa magharibi nao umeguswa. Mwezi Oktoba 2022 Odakyu ilifunga jengo kuu la duka lake lililosimama juu ya stesheni, likaanza kubomolewa ili lijengwe jingine la ghorofa 48, na katika mpango huo imo njia mpya ya watu itakayopita juu ya reli. Palipokuwa na ukuta pamewekwa mabati, palipokuwa na ngazi pamefungwa, na mishale ya muda imebandikwa sakafuni na kwenye nguzo. Wale waliozoea kupita hapo macho yakiwa katika gazeti wameanza kusoma vibao upya, kama wageni.